Kwa nini mlo wa likizo Lamu ni ghali ilhali mbuzi wa Hulugho huuzwa bei ya kutupa

MGENI anayezuru kisiwa cha Lamu wakati wa likizo ya Desemba hurudi kwao akisifu bahari, nyumba za kale na ukarimu wa wenyeji. Hata hivyo, wengi huwa na lalamishi moja: chakula na vinywaji hotelini viliwamalizia akiba.

Mfugaji wa Hulugho, katika kaunti jirani ya Garissa, ana lalamishi lililo kinyume cha hilo. Nyama anayo, tena ikiwa hai na inatembea kwa miguu yake. Anachokosa ni bei itakayomwezesha kununua unga, sukari na maji.

Malalamishi hayo mawili yana chimbuko moja. Kisiwani na nyikani, gharama ya mlo haiamuliwi na mpishi pekee. Huamuliwa pia na barabara, maji, mafuta na usalama.

Hulugho ni mji mdogo ulio kusini mashariki mwa Garissa, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Upande wa kusini kuna msitu wa Boni, na ng'ambo ya msitu ni Lamu. Garissa na Lamu ni kaunti zinazopakana, lakini kibiashara ni kana kwamba zimetenganishwa na bahari nyingine.

Mifugo mingi ya eneo hilo hupelekwa katika soko la mji wa Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, kisha husafirishwa hadi Nairobi na miji mingine. Mingine hupitia Garsen kuelekea Pwani. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Hulugho ina ng'ombe, mbuzi na kondoo, lakini wanunuzi wenye fedha wako mbali.

Safari ya chakula hadi sahani ya mgeni

Lamu huvua samaki wake, lakini sehemu kubwa ya vyakula vingine hutoka bara. Unga, mchele, viazi, vitunguu, soda na bia hubebwa kwa malori kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi gati ya Mokowe. Hapo hupakuliwa, hupakiwa kwenye mashua na kuvushwa hadi kisiwani. Katika vichochoro vya mji wa kale, ambavyo gari haliwezi kupenya, hubebwa na mahamali na punda.

Kila hatua ina malipo yake. Mwenye lori, mpakuzi, nahodha na mwenye punda wote hula kabla mgeni hajala. Mafuta yakipanda bei, kila mmoja wao huongeza chake. Ushuru wa VAT kwa petroli na dizeli ulipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023, gharama hiyo ilifika hadi kwenye chupa ya soda.

Vinywaji ndivyo vinavyoumiza zaidi. Chupa ni nzito, huvunjika na huhitaji jokofu katika joto la Pwani. Hoteli zilizo katika visiwa vya mbali hulazimika kutumia jenereta au nguvu za jua ili kupata barafu. Aidha, Lamu ni mji wa Kiislamu ambao maduka yanayouza vileo ni machache, hivyo mwenye kuvitaka hana pengi pa kulinganisha bei.

Maji nayo si ya kuchezea. Kisiwa cha Lamu hutegemea maji matamu yaliyohifadhiwa chini ya milima ya mchanga ya Shela. Katika visiwa na vijiji vingine, wakazi huvuna maji ya mvua katika matangi ya kale yajulikanayo kama jabia. Jabia zikikauka, maji huletwa kwa mashua.

Hali hii si ya Lamu pekee. Maldives na Ushelisheli, visiwa vinavyosifika kwa watalii wa tabaka la juu, huagiza sehemu kubwa ya vyakula vyao kutoka ng'ambo. Anayekula nyama huko hulipia pia meli iliyoileta.

Ushuru na msimu

Bei iliyoandikwa kwenye menyu huenda isiwe ile ya mwisho. Hoteli zilizosajiliwa hutoza ushuru wa VAT wa asilimia 16, na kuna pia ushuru wa utalii wa asilimia 2. Tuseme mlo ni Sh1,000 kabla ya makato. VAT ni Sh160 na ushuru wa utalii ni Sh20, hivyo mgeni atalipa Sh1,180. Hoteli nyingine huongeza ada ya huduma juu ya hapo. Ni busara kuuliza mapema kama bei imejumuisha yote hayo.

Msimu nao una sauti. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari hutulia, wavuvi huenda mbali na samaki hupatikana kwa wingi, lakini wageni nao huwa wengi. Wakati wa kusi, bahari huchafuka na mashua nyingi hutia nanga. Samaki hupungua, na baadhi ya hoteli hufunga kwa muda.

Hesabu ya mfugaji

Huko Hulugho hakuna mto wa kudumu. Mto Tana uko mbali upande wa magharibi. Watu na mifugo hutegemea visima na silanga zinazojazwa na mvua. Silanga zikikauka, maji huletwa kwa malori na kinywaji cha kwanza cha binadamu hugeuka bidhaa ya kununuliwa kwa mtungi.

Chakula cha dukani hufika kwa njia zisizo na lami. Zamani sukari, tambi na maziwa ya unga yalipatikana pia kutoka upande wa Somalia, lakini mpaka ulifungwa rasmi kwa sababu za kiusalama. Mnamo Mei 2023 serikali za Kenya na Somalia zilitangaza kwamba ungefunguliwa kwa awamu, lakini Julai mwaka huohuo Kenya iliahirisha mpango huo kufuatia mashambulizi ya kigaidi.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, ina kipimo rahisi cha kubaini hali ya wafugaji: mbuzi mmoja akiuzwa, fedha zake zitanunua kilo ngapi za nafaka? Kipimo hicho hufichua yale ambayo bei moja pekee haiwezi kuonyesha.

Chukua mfano. Mbuzi akiuzwa Sh4,000 na kilo ya unga ikiwa Sh100, mfugaji atapata kilo 40. Ukame ukija, mbuzi hukonda na kila mtu hutaka kuuza kabla hajafa. Bei ikishuka hadi Sh2,000, huku unga ukipanda hadi Sh125, mbuzi yuleyule atanunua kilo 16 tu. Mfugaji hajapoteza mbuzi, lakini amepoteza zaidi ya nusu ya chakula chake.

Hilo ndilo lililowakumba wengi baada ya mvua kukosekana kwa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa mnamo Septemba 2021. Zaidi ya mifugo milioni mbili walikufa katika maeneo kame ya Kenya kabla hali haijabadilika.

Mvua ilipokuja, ilikuja na balaa lake. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya El Nino yalikatiza barabara ya kuingia Garissa na ile ya Garsen kuelekea Lamu. Kwa siku kadhaa, kaunti zote mbili zilionja maisha ya kisiwa kisichofikika. Bidhaa ziliadimika na bei zikapaa.

Barabara inayopita msituni

Swali linalojitokeza ni hili: kwa nini nyama ya Hulugho isiende Lamu moja kwa moja, nayo samaki na nazi za Lamu zipande kwenda Hulugho?

Jibu la kwanza ni usalama. Tangu shambulio la Mpeketoni mnamo Juni 2014, lililofuatwa na kafyu Lamu, msitu wa Boni umekuwa ukihusishwa na maficho ya Al-Shabaab. Operesheni ya Linda Boni ilianzishwa Septemba 2015. Barabara ya mradi wa LAPSSET kutoka Lamu kupitia Ijara hadi Garissa ilinuiwa kuziba pengo hilo, lakini wafanyakazi wake walishambuliwa na ujenzi ukacheleweshwa.

Jibu la pili ni kwamba barabara pekee haitoshi. Ng'ombe anayesafiri mbali hupoteza uzani, na katika sehemu za msituni mbung'o humwambukiza maradhi. Nyama nayo haivumilii joto. Panahitajika kichinjio karibu na mfugaji, chumba baridi, gari lenye jokofu na daktari wa mifugo wa kuidhinisha nyama. Bila hayo, lami itapitisha malori matupu.

Kwa sasa, mgeni anayetaka kupunguza gharama Lamu ana njia ya wazi: ale wanachokula wenyeji. Samaki wa msimu, wali wa nazi, mkate wa mofa, maji ya ukwaju, madafu na kahawa tungu havikusafiri mbali kama bia na nyama ya kopo. Katika mikahawa ya mjini, mlo huo huwa nafuu kuliko wa hoteli ya ufukweni, na fedha zake hubaki kisiwani.

Mfugaji wa Hulugho hana njia fupi kama hiyo. Mgeni aweza kubadilisha mkahawa jioni hiyohiyo. Mfugaji hawezi kubadilisha soko. Ndiyo maana ucheleweshaji wa barabara hiyo, ambao kwa mtalii ni shilingi chache zaidi kwenye risiti, kwake yeye ni tofauti kati ya kilo 40 za unga na kilo 16.