Kabla ya Roboti, Tuuandike Ujuzi wa Waganga Wetu

Roboti, yaani mashine iliyoundwa ili ifanye kazi kwa mfano wa mwanadamu, imekwisha kuingia katika tiba ya jadi ya Kichina. Mwaka 2017, mjini Singapore, roboti iliyopewa jina la Emma ilianza kuwakanda wagonjwa katika kliniki ya tiba hiyo. Nchini Uchina kwenyewe zimeundwa mashine zenye mkono wa chuma unaoshika fungu la majani makavu yanayofuka moto na kulipitisha juu ya ngozi ya mgonjwa kwa umbali usiobadilika. Zipo nyingine zipigazo picha ulimi na kupima mapigo ya mshipa, ili kumsaidia tabibu kuyatambua maradhi.

Pengine msomaji atauliza: mambo haya yanamhusu nini mkulima wa Gairo aliyeumwa mgongo kwa jembe, au mvuvi wa Mkoani, Pemba, aliyevunjika mabega kwa kuvuta nyavu? Jibu letu ni kwamba yanamhusu sana. Tiba ya Kichina si mgeni kwetu. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi, na wenzao wakaja Tanzania Bara mwaka 1968. Wako wananchi wengi, Unguja, Pemba na Bara, waliochomwa sindano zile nyembamba kwa ajili ya maumivu ya viungo. Tena, mwaka 1987 nchi zetu mbili zilianza ushirikiano katika Hospitali ya Muhimbili wa kuchunguza iwapo mitishamba ya Kichina ingeweza kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI. Kwa hiyo si ajabu kwamba chombo kinachotumika huko leo kitabisha hodi hapa kesho. Ni wajibu wetu kujua tutakipokeaje.

Tusianze kwa kukikataa. Kukanda ni kazi ya sulubu. Mkandaji hodari huchoka, vidole vyake huingia ganzi, na mgonjwa wa mwisho hapati nguvu aliyoipata wa kwanza. Mashine haichoki. Aidha, mashine huweza kuweka kumbukumbu ya nguvu iliyotumika na mahali palipokazwa, jambo ambalo mkono wa binadamu hauwezi kulifanya kwa hakika hiyo. Hata hivyo, pale Singapore kazi ya kumchunguza mgonjwa na kuamua tiba haikuachiwa Emma. Roboti ilipewa kazi ya kukanda, tabibu akabaki na hukumu.

Utaratibu wa namna hiyo si mgeni katika Mkoa wetu wa Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa makohozi ili kutambua kifua kikuu, na tangu mwaka 2007 sampuli kutoka vituo vya afya zimekuwa zikipitishwa mbele ya pua zao. Panya huonyesha sampuli anayoishuku. Mtaalamu wa maabara huihakiki, na mgonjwa hutibiwa kwa neno la mtaalamu. Msaidizi asiye binadamu amekubalika kwa sababu yuko binadamu anayeshika dhamana. Kanuni hiyo hiyo ndiyo ipasayo kuongoza roboti yoyote itakayoletwa katika zahanati zetu.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hilo. Roboti haina ujuzi wake yenyewe. Hunakili ujuzi ulioandikwa, ukapimwa, ukafundishwa. Wachina wameweza kuufundisha mkono wa chuma kwa sababu kwa karne nyingi waliandika majina ya mimea, sehemu za mwili na namna ya kutibu, na tangu miaka ya 1950 dola yao ikaweka vyuo vya kuifundisha tiba hiyo.

Faida ya maandishi hayo imefika mpaka katika nyumba zetu. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa Kichina, Bibi Tu Youyou, alikuwa akitafuta dawa ya malaria. Kitabu kilichoandikwa yapata miaka 1,600 kabla yake, na tabibu Ge Hong, kilielekeza kwamba mmea fulani ulowekwe katika maji na kukamuliwa. Bibi huyo alitambua kwamba huenda moto wa kuchemshia ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akaitoa kwa joto dogo, akafanikiwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa ya mseto iliyoanza kutumika Zanzibar mwaka 2003, na Bara baada ya uamuzi wa mwaka 2006, ina asili yake katika mmea huo. Mtoto wa Gairo na mtoto wa Pemba wamepona kwa mstari mmoja alioandika mzee wa Kichina zamani zile.

Hebu sasa tujitazame. Katika vijiji vya milima ya Ukaguru wako wazee wanaojua mzizi wa homa, gome la kuhara, na namna ya kuurudisha mfupa ulioteguka. Visiwani wako wajuzi wa kukanda na wa kuumika, yaani hijama, ambayo Wachina nao wanayo ya kwao. Ujuzi huu umo vifuani. Kila mzee anapozikwa, sehemu yake huzikwa naye, maana kijana wake amekwenda mjini kutafuta riziki na hakurithi kitu. Roboti ikija leo, italeta ujuzi wa Kichina peke yake. Haitaujua wetu, kwa kuwa hakuna mahali itakapousoma. Hapo tutakuwa wanunuzi wa mashine leo, na kesho wanunuzi wa tiba tuliyokuwa nayo wenyewe.

Serikali haikulala katika jambo hili. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kiliundwa Muhimbili mwaka 1974, nacho kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Mwaka 2002 ilitungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyoweka Baraza la kuwasajili waganga. Lakini kusajili jina la mganga si kuhifadhi anachokijua.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila halmashauri iwe na mpango wa kuandika ujuzi wa waganga wake, kwa ridhaa yao na kwa kulinda haki yao, ili usije ukachukuliwa bure na wafanyabiashara. Kilichoandikwa kipelekwe kwa watafiti, kipimwe. Kinachodhuru kitupwe, kinachofaa kifundishwe. Afya si jambo la Muungano, lakini maradhi hayaombi ruhusa bandarini. Bara na Visiwani wapeane matokeo.

Pili, tufundishe mikono kwanza. Kijijini Peapea, katika Wilaya ya Kilosa ambayo Gairo ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 2012, wataalamu wa Kichina walianza mwaka 2011 kushirikiana na wakulima wa mahindi. Hawakuanza na matrekta makubwa. Walianza na nafasi ya mashimo, idadi ya mimea shambani na palizi ya wakati, yaani maarifa yanayowezekana kwa jembe la mkono. Njia hiyo inafaa vilevile katika tiba: mhudumu wa zahanati aliyefundishwa kukanda vizuri ana faida leo kuliko mashine inayongoja umeme na vipuri.

Tatu, mashine zitakapokuja, zije kwa masharti. Ziseme Kiswahili, maana mgonjwa hueleza maumivu kwa lugha yake. Awepo mtu mwenye jina na dhamana atakayejibu endapo mgonjwa ataumia. Na kumbukumbu za miili ya wananchi zilindwe kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, zisije zikawa bidhaa ya kampuni za ng'ambo.

Urafiki wetu na Uchina umejengwa juu ya heshima ya pande mbili. Rafiki wa kweli hatapungukiwa na kitu akiona na sisi tumekuja na kitabu chetu mkononi. Basi ndugu viongozi wa wilaya na mikoa, wazee wangali hai. Karani mmoja, daftari moja na subira ya kusikiliza ndivyo vinavyohitajika ili kazi ianze.