Mshtakiwa Hakutakiwa Kujibu Chochote

Maneno hayo tumeyazoea katika habari za mahakamani. Mtu kafikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, kwa tuhuma za mauaji, hakimu kamsomea shtaka, "mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote", kesi imeahirishwa. Wengi wetu hudhani kesi imeanza. Haijaanza.

Mauaji ni shauri la Mahakama Kuu. Hakimu wa Kisutu hana mamlaka ya kulisikiliza, ndiyo maana hamuulizi mshtakiwa kama anakiri au anakana. Dhamana nayo hawezi kuitoa: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeliweka kosa hilo miongoni mwa yasiyo na dhamana, pamoja na uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachozuia dhamana hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba, lakini kabla mwaka haujaisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Basi mshtakiwa anarudi mahabusu. Kila baada ya wiki mbili hivi analetwa mahakamani, wakili wa Serikali anasimama na kusema upelelezi haujakamilika, hakimu anapanga tarehe nyingine. Hakuna shahidi wala kielelezo. Ni dakika chache tu, kisha karandinga linarudi gerezani. Huko ndiko kutajwa kwa kesi, na humo ndimo inamopotelea miezi, kwa wengine miaka, ya mtu ambaye Katiba inasema asitendewe kama mkosaji mpaka atiwe hatiani.

Upelelezi ukikamilika, ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka hupeleka taarifa Mahakama Kuu, na hakimu yuleyule humsomea mshtakiwa maelezo ya mashahidi na vielelezo vitakavyotumika. Kwa wengi ndiyo mara ya kwanza kusikia nani atasema nini dhidi yao. Ndipo shauri linapokabidhiwa Mahakama Kuu. Huko shtaka husomwa upya, na safari hii anatakiwa kujibu. Asiyemudu wakili huwekewa mmoja kwa gharama za Serikali.

Kuna njia nyingine ya kutoka: Mkurugenzi wa Mashtaka akisema hana nia ya kuendelea, shtaka hufutwa. Ndugu hushangilia nje ya mahakama, bila kujua kwamba aliyefutiwa shtaka kwa njia hiyo hajashinda kesi. Anaweza kushtakiwa tena.

Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha sheria ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Ni jambo jema, ila makosa makubwa na yale ya Mahakama Kuu yakaachwa nje. Kwa maoni yangu, tumeanzia mahali pepesi. Mwenye kosa dogo mara nyingi alikuwa na dhamana yake, akisubiri nyumbani. Anayeoza mahabusu ni yule wa makosa makubwa, na kwake hakuna kilichobadilika. Angalau iwekwe miezi ya ukomo, ikipita bila upelelezi kukamilika hakimu awe na uwezo wa kumwachia kwa masharti.

Kwa sasa, mwenye ndugu mahabusu ahudhurie kila tarehe ya kutajwa. Jalada limefikia wapi? Kwa mpelelezi, au kwa mawakili wa Serikali? Aliulize hilo mahakamani kupitia wakili wake, au mshtakiwa mwenyewe asimame aulize. Anayo haki ya kuuliza.