Injini ngumu huwa na sehemu laini

Kiangazi kikikolea Samuye, mkoani Shinyanga, lori moja likipita barabara ya changarawe gari la nyuma halionekani. Dereva hupandisha vioo. Injini haina kioo cha kupandisha: ya dizeli yenye lita 2.8, kama zilizomo kwenye Hiace nyingi za zamani, ikizunguka mara 2,500 kwa dakika huvuta karibu lita 3,000 za hewa kila dakika, pamoja na vumbi lake.

Vumbi hilo si la kubeza. Sehemu kubwa ya Usukumani imekalia miamba ya matale. Mwamba huo ukimomonyoka, baadhi ya madini yake hugeuka udongo wa mfinyanzi, lakini madini ya kwazi (quartz) hubaki chembe ngumu, daraja la 7 katika kipimo cha ugumu cha Mohs chenye madaraja 10. Chuma cha kawaida cha silinda hakifui dafu mbele yake. Utando wa oili kati ya ringi za pistoni na silinda una unene wa mikroni chache tu, hivyo chembe ya mikroni 10, isiyoonekana kwa macho, hukwaruza pande zote mbili. Ringi zikiisha, kompresheni hushuka, injini huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu.

Wahandisi hawajibu kwa kufanya kila kitu kiwe kigumu. Ringi hupakwa kromu, au huingizwa naitrojeni kwa joto la nyuzi 500 hivi ili uso wake ukomae. Silinda hutengenezwa kwa chuma cha kusubu chenye vipande vya grafaiti vinavyosaidia kulainisha, kisha huchorwa kwa makusudi mistari ya mshazari inayohifadhi oili. Beringi za krankshafti, kinyume chake, huvikwa tabaka laini la metali. Chembe ikipenya hapo huzama ndani ya tabaka hilo, na shafti ya bei kubwa husalimika.

Hata hivyo, ulinzi mkuu uko mlangoni. Mitambo mingi ya migodini huzungusha hewa kwanza ili vumbi zito litupwe pembeni, ndipo hewa ipite kwenye kichujio cha karatasi, na nyuma yake cha pili cha akiba. Tena eakilina, yaani kichujio cha hewa, yenye vumbi kiasi huchuja vizuri kuliko mpya, kwa kuwa vumbi lililonasa hupunguza upana wa vitundu. Kuipuliza kila mara kwa upepo mkali wa kompresa huitoboa, na tundu dogo tu linatosha kuua injini.

Kabla ya kununua ringi mpya, fungua mpira unaotoka kwenye eakilina kwenda kwenye injini, upitishe kidole ndani. Kikitoka na vumbi, tafuta ufa au klipu iliyolegea. Usipoziba hapo, ringi mpya nazo zitaliwa vilevile.