Gitaa Lenye Daraja Linaloelea



Wazee wetu wa Unyanyembe walijua kubeba. Mpagazi wa njia ya Bagamoyo alijitwika ratili 60 hata 70, akatembea nazo miezi. Wiki hii nina habari ya mzigo mwingine, usioonekana kwa macho. Ni mzigo wa nyuzi sita za gitaa la umeme. Nyuzi nyembamba, zikikazwa sawasawa, huvuta kwa jumla kama kilo 38. Zile nene kidogo hufikia kilo 46. Kwa hiyo kile kipande cha ubao kinabeba kuliko mpagazi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mpwa wangu. Alinijia hapa Gongoni kutoka Sikonge, mfukoni ana fedha za asali. Baada ya shikamoo na marahaba akanionyesha picha kwenye simu: gitaa jeusi, linang'aa, na mkono wa chuma umechomoza darajani.

"Mjomba, nataka hili. Ukibonyeza mkono, sauti inalia kama mtu."

Nikamwuliza, "Utalipigia wapi?"

"Harusini, mjomba. Bendi imenikubali, ila niende na gitaa langu."

Nikanyamaza kidogo, maana gitaa la namna hiyo liliwahi kuniaibisha.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Mwaka 1954 Mmarekani Leo Fender alitoa gitaa la Stratocaster, lenye daraja linalozuiwa na springi zilizofichwa mgongoni. Ukisukuma mkono, daraja linainama, nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Ukiachia, springi zinalirudisha. Lakini nyuzi hazikurejea vizuri kila mara. Ndipo Mmarekani mwingine, Floyd Rose, akabuni daraja linalobana nyuzi pande zote mbili, juu ya shingo na darajani, akapata hataza mwaka 1979. Daraja hilo limeegemea nguzo mbili kwa kingo kali kama za kisu, na chini yake ni hewa tupu. Ndiyo maana tunasema linaelea.

Mfano wake ni mzega. Mtu ameweka mti begani, ndoo ya maji huku na ndoo huku. Nyuzi ni ndoo ya mbele, springi ni ndoo ya nyuma. Vikilingana, safari ni njema. Sasa ondoa ndoo moja!

Ndivyo ilivyonipata mimi usiku mmoja katika harusi. Nilikuwa nimeazima gitaa la kuelea, na sikuwa na la akiba. Katikati ya sebene uzi mmoja ukakatika. Kwa gitaa la kawaida ungeendelea na nyuzi tano. Kwangu, springi zilivuta daraja nyuma, na nyuzi tano zilizobaki zikapanda sauti zote kwa pamoja. Besi iko kwake, ridhimu iko kwake, mimi niko mbinguni. Mwimbaji akanitazama, wachezaji wakasimama. Kubadili uzi kulitaka ufunguo mdogo uliopindwa kama herufi L, nao ulikuwa nyumbani. Tulilipwa nusu, na wenzangu hawakuniita tena mwaka mzima.

Kwa mpiga dansi kuna taabu nyingine ndogo ndogo. Ukilaza kiganja darajani ili kuzima mlio, sauti inapanda. Ukivuta uzi mmoja huku mwenzake unalia, yule mwenzake anashuka. Mji huu umetoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Utamu wa magitaa yao ulikuwa katika kujibizana, solo na ridhimu, na majibizano hayo hayataki daraja linalotikisika.

Sisemi kwamba gitaa la kuelea ni baya. Kwa anayepiga muziki wa roki, na mwenye gitaa la pili pembeni, ni chombo kizuri. Lakini kama moyo umekwisha kupenda, kagua kabla ya kulipa. Tazama daraja kwa ubavu: lilale sambamba na mwili wa gitaa. Lityuni, bonyeza mkono hadi nyuzi zilegee, uachie. Kisha uvute juu, uachie. Nyuzi zikirudi mahali pake mara zote mbili, vizuri. Zisiporudi, chunguza zile kingo. Magitaa ya bei rahisi yana chuma laini, kingo huliwa upesi, na hakuna kutyuni kutakakoponya. Tazama pia nguzo zisiwe zimeinama ndani ya ubao. Na usiondoke dukani bila zile funguo ndogo.

Ukitaka kuliboresha, usianze na vitu vya kung'aa. Anza na nyuzi, na ukichagua unene wake usiubadilishe ovyo, maana kila unene unadai springi zikazwe au zilegezwe upya. Badilisha uzi mmoja mmoja, usivue zote mara moja. Kingo zikiwa zimekwisha, nunua daraja jipya la chuma kigumu, lakini upime kwanza nafasi ya nguzo.

Dawa kubwa kuliko zote ni kipande cha mbao. Fungua kifuniko cha mgongoni. Utaona tofali la chuma linaloning'inia chini ya daraja, limeshikwa na springi. Upande wake wa kuelekea shingoni, chomeka kipande cha mbao ngumu kinachoenea barabara, daraja likiwa limelala sawa. Kisha kaza kidogo skrubu zinazoshika springi, ili tofali liegemee mbao. Sasa mkono utashusha sauti tu, hautapandisha. Lakini uzi ukikatika, springi hazina pa kwenda, na nyuzi tano zinabaki zilipokuwa. Ukiziba na upande wa pili, daraja halitikisiki kabisa.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya. Alilinunua gitaa lile lile jeusi. Kijana ni kijana. Lakini kabla ya kupanda gari kurudi Sikonge tulipitia kwa seremala, akatuchongea kipande cha mninga kisichozidi kidole gumba. Hakutaka hata malipo. Tulikiweka, tukakaza, kisha nikakata uzi mmoja makusudi, mbele ya macho yake. Akapiga zile tano zilizobaki. Zilikuwa zimetulia.

Harusi yake ya kwanza ni Jumamosi ijayo. Nimempa nyuzi za akiba, na ule ufunguo mdogo nimeufunga kwa kamba kwenye mkanda wa gitaa.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.