Kamera ya Kikundi: Pesa Kidogo Ziende Wapi?



Katika vikundi tunavyotembelea hapa Burumba na kule Malaba, swali moja limekuwa likirudi: tununue kamera gani? Vijana wanataka kupiga picha za harusi na mahafali. Akina mama nao wameona kwamba picha ndogo za pasipoti ni biashara isiyolala, maana kila mwezi kuna fomu ya shule, fomu ya kazi au fomu ya benki. Wazo ni zuri. Lakini tumeona pia jinsi wazo hili linavyoweza kumeza akiba ya watu.

Kikundi kimoja cha watu 11, ambacho hatutakitaja jina, kilichanga kwa miezi 14. Wakanunua kamera kwa muuzaji aliyekuwa akipita na begi. Kwenye boksi iliandikwa kwa herufi kubwa: megapikseli 48. Kazi ya kwanza ikawa harusi. Nje ya kanisa picha zilikuwa nzuri tu. Zile za ndani, wakati wa kuvishana pete, nyuso za maarusi zilitoka kama zimefunikwa na moshi. Familia ilikataa kulipa, na nani angewalaumu? Pete haivishwi mara mbili ili mpiga picha ajaribu tena. Tulipokaa na kikundi kutafuta kosa liko wapi, mama mmoja alituuliza, "Sasa mwalimu, hizo megapikseli 48 zimeenda wapi?"

Swali lake ndilo tunalojibu hapa.

Hesabu ya nukta

Picha ya dijitali imeundwa kwa nukta ndogo ndogo za rangi. Nukta milioni moja ndiyo megapikseli moja. Kamera ya kwanza ya aina hii ilitengenezwa mwaka 1975 katika kampuni ya Kodak huko Marekani na injinia Steven Sasson. Ilikuwa na nukta 10,000 tu, ilikuwa na uzito wa karibu kilo nne, na ilihifadhi picha kwenye kaseti. Tangu hapo wauzaji wametufundisha kuamini kwamba nukta zikizidi, picha inazidi uzuri.

Hebu tupige hesabu wenyewe. Picha ya kawaida ya kuweka kwenye albamu, inchi 4 kwa 6, ikichapwa vizuri huhitaji nukta 300 kwa kila inchi. Hiyo ni 1,200 mara 1,800, yaani megapikseli 2 na kidogo. Picha kubwa ya saizi ya karatasi ya A4 huhitaji karibu megapikseli 9. Kwa hivyo kamera ya megapikseli 12 inatosha kwa kazi zote za kijijini, na ya 18 inabakisha. Anayewaambia mlipe zaidi kwa sababu ya 48 anawauzia namba.

Tena mara nyingi namba hiyo si ya kweli. Kamera nyingi ndogo zisizo na jina la kampuni inayojulikana hupiga picha ya nukta chache, halafu zinaitanua kwa hesabu ndani yake hadi zifike 48. Ni sawa na kuongeza maji kwenye uji: sufuria inajaa, lakini unga ni ule ule.

Kinachofanya kazi ni kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ambacho mafundi hukiita sensa (si ile ya kuhesabu watu). Wekeni nje karai na kikombe cha chai wakati wa mvua, mtaona kipi kinakusanya maji mengi. Sensa ya kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, kwa mfano Canon 600D, ina upana wa milimita 22 na kimo cha karibu 15. Ile ya kamera ndogo nyingi za mfukoni ni milimita 6 kwa 4 na nusu hivi. Eneo lake linapitwa zaidi ya mara kumi. Nje juani mvua ni nyingi, hata kikombe kinajaa. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo ndipo kikombe kinapoaibika.

Je, mnahitaji kamera kweli?

Kabla ya kuchanga, tunaomba mjiulize hili bila aibu. Kama kazi ni kuonyesha wafadhili kisima kimefika wapi, au kuweka kumbukumbu ya mkutano chini ya mwembe, simu nzuri ya mwanakikundi mmoja inatosha kabisa. Msitumie pesa za kuku kununua kamera ya kupiga picha za kuku. Kamera kubwa inaanza kujilipa pale mteja anapolipa: harusi, matanga, mahafali, picha za pasipoti, kwaya.

Mwili au lenzi?

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea, hata vile vilivyokwepa wauzaji wa begi. Wanatafuta kamera mpya kabisa, pesa zote zinaishia kwenye kamera yenyewe, na lenzi inabaki ile iliyokuja nayo. Sisi tunasema fanyeni kinyume. Nunueni kamera ya mtumba, ya miaka iliyopita, na mbakishe pesa ya lenzi ya pili.

Kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo. Mwaka 2018 Canon na Nikon walianzisha mifumo mipya ya kamera zisizo na kioo ndani. Wapiga picha wengi wa mijini wamekuwa wakihamia huko na kuuza zile za zamani. Kamera kama Canon 1100D na 600D za mwaka 2011, au Nikon D3100 ya 2010 na D3200 ya 2012, zilikuwa bora za kujifunzia na kufanyia kazi wakati wake, na harusi hazijabadilika tangu hapo.

Lenzi ndiyo jicho. Tazameni mdomo wa lenzi iliyokuja na kamera, mtakuta imeandikwa 18-55mm, halafu 1:3.5-5.6. Zile namba za kwanza zinaonyesha inavyovuta: 18 inachukua kundi zima la watu 30, 55 inasogeza uso karibu. Namba za mwisho ndizo za kuzingatia. Zinaonyesha ukubwa wa tundu linaloingiza mwanga, na ziko kinyumenyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukivuta hadi 55, tundu linabaki 5.6, yaani kidirisha cha nyumba ya kuku. Lenzi ya 50mm iliyoandikwa 1:1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Ni lenzi ndogo, nyepesi, haivuti (utavuta kwa miguu yako), na kwa kawaida ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa katika orodha ya kampuni. Kama kikundi kile kingekuwa nayo siku ya pete, tusingekuwa tunaandika habari hii.

Mtu atakwambia lenzi yake ya 18-55 ina kifaa cha kuzuia mtikisiko, kwa hivyo giza si shida. Kifaa hicho kinatuliza mkono wako wewe unayepiga. Hakimtulizi bibi arusi anayecheza.

Jambo moja la kuangalia sana kwa wanaochagua Nikon. Kamera za D3100, D3200 na ndugu zao hazina mota ndani ya kulenga. Lenzi yenyewe ndiyo iwe na mota, na zenye mota zinazofaa kwa kamera hizi huandikwa AF-S. Lenzi ya zamani ya 50mm iliyoandikwa AF-D itaingia vizuri, itapiga picha, lakini haitalenga yenyewe. Utazungusha kwa mkono huku maarusi wanapita. Kwa hizo tafuteni 35mm 1:1.8 ya AF-S. Kwa upande wa Canon, lenzi zote za EF kuanzia mwaka 1987 zinafanya kazi kwenye 1100D na 600D. Za kabla ya hapo, zilizoandikwa FD, msizinunue hata mkipewa kwa bei ya sukari, maana hazishiki.

Tuseme kikundi kina shilingi 40,000. Bei hubadilika, tusishikane mashati kwa ajili ya tarakimu. Huu ni mfano wa kugawa tu. Kamera ya mtumba pamoja na 18-55 yake isipite 22,000. Lenzi ya tundu kubwa, nayo ya mtumba, 9,000. Betri ya pili na kadi mbili za kuhifadhia picha 4,000, kwa sababu betri moja itakufa katikati ya hotuba ya baba mzazi. Begi lenye godoro ndani 2,000, na hili si anasa: bodaboda, ambazo jina lake lilizaliwa hapa hapa kwetu mpakani, hutikisa kamera kuliko kitu chochote. Zinabaki 3,000, na hizo zikae benki zingoje fundi. Lenzi ndefu ya kuvuta mbali ya michezo, flashi kubwa, stendi, vyote vingoje mpaka kamera iwe imeleta pesa. Flashi ile ndogo iliyo juu ya kamera haifiki mbali, inafaa kwa picha za pasipoti na mtu wa karibu.

Siku ya kununua

Nendeni watu watatu, mchana, kwenye duka lenye mlango na jina. Msitume pesa mbele kwa mtu mliyeona picha zake kwenye simu. Ombeni risiti yenye namba ya kamera ile iliyochapwa chini yake, na mlipe kwa M-Pesa ili alama ibaki. Kamera isiyo na karatasi yoyote huenda ililia katika nyumba ya mtu.

Bebeni tochi na gazeti. Toeni lenzi, mulikeni tochi upande mmoja na mtazame kutoka upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Mkiona kitu kama utando wa buibui au mizizi midogo, hiyo ni kuvu, imeota kwa unyevu. Rudisheni mara moja, haijalishi muuzaji anapunguza kiasi gani. Bandikeni gazeti ukutani mlipige picha, mtazame kama maandishi ya pembeni yanasomeka kama ya katikati. Pigeni picha ya anga tupu kwa tundu dogo, namba 22: madoa meusi yakionekana ni vumbi kwenye sensa, fundi anaweza kulisafisha, lakini bei ishuke.

Ulizeni pia imepiga picha ngapi. Pazia la kamera lina umri wake: la Nikon D3100 lilijaribiwa kiwandani kwa picha 100,000. Kamera za Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya kila picha, na kijana wa saiba anaweza kuwasomea. Za Canon kama 600D haziandiki hapo, zinahitaji kuunganishwa na kompyuta yenye programu yake. Msidanganywe na namba ya jina la picha, inaweza kurudishwa kwenye moja wakati wowote.

Na kuhusu ng'ambo. Tunajua wengi wenu mnavuka kwenda upande wa Uganda kununua vitu, na tangu kituo cha pamoja cha mpaka kifunguliwe rasmi hapa Busia mwaka 2018 kuvuka kumekuwa rahisi. Lakini ule utaratibu mwepesi wa wafanyabiashara wadogo, wa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kamera ya Nikon au Canon haikutengenezwa Tororo wala Eldoret. D3100 nyingi mtaziona zimeandikwa Thailand. Kwa hivyo ulizeni ushuru forodhani kabla ya kulipa muuzaji, si baada. Na mkivuka na kamera yenu kwenda kufanya kazi harusini upande ule, bebeni risiti, ili mkirudi isije ikaonekana mmeinunua huko.

Nani ataikaa nayo?

Kamera ya wote mara nyingi huwa ya katibu. Andikeni katika kumbukumbu za mkutano, kabla ya kununua, ni nani anaiweka, ni nani wawili wamefundishwa kuitumia, na kila kazi iingie daftarini: tarehe, mteja, malipo, sehemu ya mpiga picha, sehemu ya kikundi, sehemu ya fundi. Iwekwe ndani ya begi lake pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, si juu ya kabati karibu na jiko. Msiipanguse kioo kwa kona ya leso.

Kikundi kile cha watu 11 kilianza kuchanga upya. Safari ya kwanza walikwenda Kisumu watatu na wakarudi mikono mitupu, maana lenzi ilikuwa na kuvu. Mwenyekiti alilalamika juu ya nauli. Safari ya pili walipata 600D na lenzi ya 50mm. Wamekwisha kupiga harusi nne, na mweka hazina ametuonyesha daftari. Ile ya megapikseli 48 haikutupwa. Wanaitumia kupiga picha za mikutano yao, nje, saa sita mchana, na hapo inafanya kazi vizuri.