Cheti cha Ufundi wa Kompyuta: Lipia Mtihani kwa Akili
Unatengeneza laptop hapa Buruburu, mkono unao lakini karatasi huna? Kazi nyingi za IT ofisini na shuleni huulizia cheti. CompTIA A+ ni cha kuanzia: mitihani miwili, dakika 90 kila mmoja, na kila mmoja hulipiwa kando. Kinadumu miaka 3.

Pesa ndiyo huvutia matapeli: “Nitumie, nikubukie.” Usitume kwa namba ya mtu! Unabuki mwenyewe, kwa akaunti yako ya Pearson VUE, kwa jina lililo kwa kitambulisho. Na karo ya darasa je? Ukilipa kwa Paybill, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kama si la chuo, kanseli, kisha uwapigie.