Insha Inaanzia Kwenye Kumbe

Aliyesoma shule Afrika Mashariki anaijua insha kwa mifupa yake: kichwa, utangulizi, kiini, hitimisho. Anaijua pia kwa sentensi za kukariri. Katika insha za mtihani jogoo huwika kila alfajiri, hata kwenye nyumba za mjini zisizofuga kifaranga, na msimulizi hurauka, hupiga mswaki, hustaftahi, ndipo kisa kianze. Mwishoni kuna funzo, na mara nyingi funzo lenyewe ni methali ambayo mwalimu aliiandika ubaoni kabla mwanafunzi hajashika kalamu. Ndiyo maana mtu mzima akikaa kuandika kuhusu maisha yake, mkono hurudi kulekule. Anajua atafikia wapi kabla hajafunga mizigo.

Pengine neno lenyewe lina sehemu yake ya lawama. Insha limetoka Kiarabu, na asili yake ni kuunda, kutunga, kusimamisha kitu. Mfaransa Michel de Montaigne, aliyeacha kazi yake ya mahakama huko Bordeaux mwaka 1570 akiwa na miaka 37, alipotoa kitabu chake mwaka 1580 alikiita Essais, yaani majaribio. Anayejenga anahitaji ramani. Anayejaribu anaruhusiwa kukosea mbele ya watu. Katika jaribio moja Montaigne anaeleza siku alipopigwa kikumbo na farasi wa mmoja wa watu wake, akarushwa chini, akabebwa kama maiti. Baadaye aliambiwa kuwa njiani, akiwa nusu mfu, aliagiza mkewe aletewe farasi kwa kuwa alimwona akihangaika kwenye njia mbaya. Maneno hayo yalimtoka bila yeye kuwamo. Aliyesema alikuwa nani basi? Na mbona hali ile, aliyoiogopa maisha yake yote, ilikuwa laini kama kusinzia?

Kwa mshangao wa namna hiyo sisi tuna neno la papo hapo: kumbe. Sijui lugha nyingi zinazoweza kuwakutanisha watu wawili katika silabi mbili namna hiyo, yule aliyeishi jambo bila kulielewa na yule anayelisimulia leo. Insha ya maisha inahitaji wote wawili. Akiwamo wa kwanza peke yake, tunapata shajara. Akiwamo wa pili peke yake, tunapata hotuba.

Nitoe mfano wangu mdogo. Nilipokuwa na miaka tisa, kila Jumamosi mama alinituma kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, kukopa robo ya sukari. Mangi alifungua daftari la madeni, akalamba kidole, akatafuta ukurasa wetu taratibu huku wateja wengine wakiangalia. Niliandika habari hiyo mara ya kwanza hivi: tulikuwa maskini, mama alijitahidi, nami nikajifunza unyenyekevu. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini imekufa. Mara ya pili niliandika kwamba nilimkasirikia mama kwa kunibebesha aibu yake, kumbe alinituma mimi kwa sababu Mangi asingethubutu kumfokea mtoto. Hapo daftari likapata kazi. Kidole kilicholambwa kikapata kazi. Vitu vinapochukua maana wakati wa kuandika, si kabla, insha imeanza.

Kuweka nafsi ya kwanza kila ukurasa hakutoshi. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, alituachia masimulizi ya maisha yake kwa Kiswahili, yakachapwa mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na tafsiri ya Kijerumani ya Heinrich Brode. Mna misafara, pembe za ndovu, vita na mikopo. Kwa mwanahistoria ni hazina. Lakini mzee anayesimulia na kijana aliyetenda hawagombani hata mara moja, na mimi nikimaliza namjua mfanyabiashara kuliko mtu. Shaaban Robert, katika Maisha Yangu ya 1949, anakaribia zaidi, hasa anapofika kwenye kufiwa na mkewe Amina. Hata hivyo, anayetaka kujifunza kazi hii ningempa kwanza barua zake. Alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, na M. M. Mulokozi akazihariri zikatoka 2002. Shaaban huyuhuyu alitunga Kielezo cha Insha, kitabu cha kufundishia, ila naona barua zinafundisha vizuri zaidi. Ndugu hahitaji utangulizi, wala huwezi kujikweza mbele ya mtu aliyekujua tangu utotoni. Anayeandika kwa ajili ya umma na afikirie mtu mmoja wa namna hiyo.

Kuhusu kujikweza, sarufi yetu ina busara yake. Nafsi ya kwanza katika Kiswahili ni kisilabi tu, ni-, kilichogandishwa kwenye kitenzi: nilikwenda, nilikopa, niliona haya. Hakisimami bila kutenda. Neno mimi likijitokeza peke yake huwa linasisitiza, linapiga kifua. Pitia rasimu yako ufute kila mimi isiyo na mpinzani. Mara nyingi utabakiwa na simulizi safi, na utashangaa ni ngapi ziliingia kwa sababu tu umezoea kusoma Kiingereza.

Limebaki suala la watu wengine, ambalo wengi hulikimbia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mwandishi ndiye kata. Mangi hana jina katika insha yangu na kila mtaa una wake, kwa hiyo simdhuru. Mama ana jina, ana majirani. Sikubali hoja kwamba kilichonipata ni mali yangu peke yangu. Sukari ile ilikuwa ya nyumba nzima. Kanuni yangu ni kumwacha kila aliyemo aonekane afadhali kuliko mimi, au kumwomba ruhusa.

Nilimpigia simu mama kuomba ruhusa. Nilimsomea aya ya daftari, na ile ya kumbe niliyojivunia. Alicheka kwanza.

“Mangi hakuwahi kunifokea, mwanangu,” alisema. “Nilikuwa na khanga moja tu ya kutokea, na Jumamosi ndiyo siku niliyokuwa nikiifua.”

Nimeirudia aya ile mara tatu tangu siku hiyo, na bado sijaamua khanga iliyokuwa kambani niianike mstari wa ngapi.